Korosho zilichaguliwa, mkulima akasahauliwa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza serikali huamuaje kiwanda kipi kitangulie na kipi kisubiri, maana sasa na wewe umo ofisini mnakoandaa orodha hizo. Nitakujibu kwa korosho, kwani ndizo zilizokulipia ada.

Kwanza huangaliwa nchi ina nini tayari, soko liko wapi, na watu wangapi watapata kazi. Kwa hesabu hiyo korosho hazikuwa na ubishi. Msimu wa 1973/74 sisi Tanzania tulivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikasafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India. Ajira ikaenda nazo. Serikali ikakopa Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vikubwa 12, mashine za Kiitaliano na Kijapani.

Mimi sioni kosa katika kuchagua korosho. Kinachoniuma ni kwamba kuta zilipanda huku mikorosho ikiota pori. Watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mashamba yao. Bei haikumpa mkulima moyo wa kupalilia. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, maua yakakauka. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mashine zingebangua nini?

Halafu korosho yenyewe ina adabu zake. Unakumbuka uani kwa bibi yako: zinachomwa, moshi unawasha macho, unapaka majivu mikononi kwa sababu mafuta ya ganda yanababua, unagonga pigo moja la kukadiria. Ukizidisha, punje imevunjika, na bei iko kwenye punje nzima. Mashine zile zilivunja nyingi mno.

Korea Kusini nao walichagua viwanda vyao. Lakini Rais Park Chung-hee alikuwa akiketi kila mwezi kwenye kikao cha mauzo ya nje, na mikopo nafuu ilimfuata yule aliyeuza kweli. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipotuacha: kiwanda kilifuatiliwa hata baada ya utepe kukatwa.

Basi, mama, kabla hamjaipeleka orodha yenu juu, niandikie mambo mawili. Mkulima wa zao hilo atalipwa shilingi ngapi kwa kilo? Na kiwanda kikishindwa kuuza, ni nani mwenye mamlaka ya kusema msaada usimame?

Mama yako