Niandike kaktasi, vidungusi au minyaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza mimea midogo ya miiba kwenye makopo, ile ya kuweka dirishani. Wateja wengine wanaiita kaktasi, wengine dungusi kakati, na juzi mmoja kanambia hiyo ni minyaa. Kwenye kibao niandike nini?

Jibu: Marahaba dada yangu, andika "vidungusi". Dungusi, au kwa kirefu dungusi kakati, ndo jina la ukoo mzima, likiwa moja ni dungusi, yakiwa mengi madungusi, na hayo yako madogo ni kidungusi, vidungusi. Kaktasi si kosa, watu wanaelewa, ila jina tunalo na linapendeza, kwa nini lilale kwenye kamusi tu?

Mpungate nao ni wa ukoo huo, ila usiuchanganye na vidungusi vyako, huo ni ule wa vipande bapa kama sahani unaozaa matunda, wataalamu wanauita Opuntia, mti ni mpungate na tunda ni pungate, ndo jamii hiyohiyo iliyovamia malisho kule Laikipia, Kenya, mpaka mifugo inaumia midomo kwa miiba.

Sasa hayo ya minyaa, hapo mteja kakosea na nasisitiza kwa sababu ni usalama wa watu. Mnyaa wa kwenye uzio ni vijiti vya kijani tu, hauna miiba, ila ni wa jamii ya Euphorbia na ndugu zake wengine wana miiba wanafanana sana na dungusi, na utomvu wao mweupe ukiingia machoni ni hatari kweli. Madungusi asili yake ni bara la Amerika, karibu yote, dungusi aina ya Rhipsalis baccifera tu ndo asili yake ni huku Afrika pia. Kuvitofautisha usitegemee utomvu mweupe peke yake maana hata baadhi ya Mammillaria, vile vya mviringo vyenye vinundu, ukivitoboa vinatoa utomvu kama maziwa, we angalia miiba inapotokea: kwenye dungusi inatoka kwenye kishungi kidogo cha manyoya, kwenye Euphorbia hicho kishungi hamna.

Na ukiweka maelezo ya kutunza andika "mwagilia udongo ukikauka kabisa", sio "kila wiki", maana msimu wa mvua hiyo wiki itaviozesha, kopo liwe na tundu chini na udongo uwe na mchanga mwingi. Halafu tafadhali, "vidungusi hivi vinapenda jua", sio "hizi zinapenda".