Maswali ya wasomaji: Watafiti wamekuja na mpango wa klorini, tutie sahihi?

SWALI: Jambo wahariri. Mimi ni reko, mhudumu wa afya wa jamii, wa Kyeshero, hapa Goma. Timu ya chuo kikuu inataka kufanya utafiti wa kutia klorini kwenye maji ya ziwa ili kuzuia kipindupindu. Wamekuja na karatasi zimeshaandikwa zote. Wanataka kodesa, kamati ya afya ya eneo letu, itie sahihi, na sisi mareko tuwatafutie watu. Huo ndio wanaouita ushirikiano. Lakini majirani wengi wanamwaga maji yenye klorini kwa sababu ya harufu, na jambo hilo hawakutuuliza. Tufanye nini?

JIBU: Mama, sahihi ingoje. Bajeti ikishafungwa, idadi ya vituo vya kutilia klorini, saa za kazi na kipimo cha dawa vinakuwa vimeshalipiwa, na maoni yenu hayana tena pa kuingia. Ombeni kikao na mtafiti mkuu kabla faili halijafika kwenye kamati ya maadili, mkamwulize: katika mpango huu, ni nini bado kinaweza kubadilika? Akisema hakuna, anatafuta vibarua, na ni haki yenu kulijua hilo mapema.

Akikubali, tazameni nani anaitwa. Mara nyingi huitwa mwuguzi mkuu wa kituo cha afya, rais wa kodesa na chifu wa avenyu, huku wanaoteka maji wakiachwa nje. Waiteni wanawake na wasichana wanaokwenda ziwani, wauza maji wa baiskeli na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), na wale wanaotia dawa kwenye bidoni (madumu ya maji). Watu 6 hadi 10 wanatosha, kila kundi peke yake, kwa maana mwuza maji hatakiri mbele ya chifu kwamba hukwepa foleni ya klorini. Kikao kisiwe asubuhi. Saa hizo wako majini.

Kisha fuateni bidoni moja tangu ziwani hadi kwenye kikombe. Pimeni klorini ufukweni, mlangoni mwa nyumba, na tena kesho yake asubuhi. Tafiti nyingi zinaharibikia hapa: timu inapima ufukweni tu, dawa ikiwa bado mpya, inaondoka na namba nzuri, na maji yanayonywewa nyumbani hayana klorini hata chembe. Bidoni yenye utelezi ndani hula dawa yote. Isiyo na kifuniko pia huipoteza.

Kuhusu harufu, msikubali ijibiwe kwa mahubiri. Fanyeni jaribio la ndoo mbele ya watu. Changanyeni gramu 15 za HTH (klorini ya unga) yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 katika lita 1 ya maji safi, acheni itulie, mtumie maji meupe ya juu tu. Chukueni ndoo 4 za plastiki za lita 20, mzijaze maji ya mahali hasa watu wanapoteka. Kwa bomba la sindano, tieni mililita 1 katika ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Korogeni, funikeni, ngojeni dakika 30, kisha pimeni kwa kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Tafuteni ndoo yenye takriban miligramu 0.5 kwa lita, ili nyumbani ibaki angalau 0.2. Ndoo zote zikiwa chini ya hapo, ongezeni dawa mrudie. Mvua ikileta tope, rudieni pia. Wenyeji wanuse na kuonja ndoo hiyo. Kama kituo kilikuwa kinakisia kwa kifuniko cha chupa, hapo ndipo mtajua kama kimekuwa kikizidisha.

Kuna mambo mawili ambayo mgeni anaweza kuyakosa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kiwango cha uchachu au ualkali wa maji) karibu 9, na klorini hufanya kazi polepole pH ikizidi 8. Kwa hiyo watu waambiwe wangoje zaidi ya nusu saa kabla ya kunywa. Saa nzima si nyingi. Kifaa cha kawaida cha kupima maji kwa rangi hakitawaonyesha pH hiyo vizuri, kwa sababu kipimo chake cha pH huishia 8.2. La pili, dawa ikizidi mno, rangi ya waridi ya DPD hufifia, na mpimaji hudhani hakuna klorini, akaongeza nyingine.

Mkishapatana, andikeni ukurasa mmoja: nani anabadilisha kipimo, nani anapigiwa simu HTH ikiisha, nani ataendelea kuinunua mradi ukifungwa, na lini matokeo yatarudi Kyeshero. Ongezeni pia siku mabomba yatakapokatika, kama baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021: watu wa kutia dawa wataongezwa wangapi, na kwa pesa ya nani?

SWALI: Nasomea uuguzi Bukavu. Kamati ya maadili imeshapitisha utafiti wetu. Je, bado tunahitaji ridhaa ya kila mtu?

JIBU: Ndiyo, na pia mjulisheni daktari mkuu wa zone ya afya kabla ya kuingia mtaani. Ridhaa ya chifu inafungua mlango tu, haimfungi mtu yeyote. Mwambieni mhusika kwamba akikataa atatibiwa kama kawaida, kisha aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Asiyejua kusoma atie dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Kama mtamhitaji tena, pangeni tangu siku ya kwanza jinsi ya kumpata. Chanjo ya pili ya Ebola iliyoanza kutolewa Goma, katika maeneo ya Majengo na Kahembe, Novemba 2019, ilikuwa ya dozi mbili zilizoachana siku 56, na katika muda huo mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuhama au kubadilisha laini ya simu. Andikeni namba ya pili, ya ndugu aliyemchagua mwenyewe, na mwulizeni mhusika: ndugu huyo aambiwe nini akipigiwa?