Re: Kisigino kuuma kila asubuhi, sasa na goti

Mkuu, umesema kisigino kinakuuma kila asubuhi, sasa na goti, unasimama kutwa sokoni na unatumia diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza za asubuhi kisha kinapoa, mara nyingi ni shida ya ule utando mgumu wa chini ya unyayo. Ukiupuuza unaanza kuchechemea, mzigo unahamia gotini, na ndipo ulipofika. Kusimama kutwa sokoni Majengo na kandambili zilizolika kunazidisha. Kabla hujashuka kitandani, pitisha kanga unyayoni, vuta vidole kuelekea kwako sekunde 30, mara tatu. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, dakika 10. Hiyo diklofenaki ya kila siku acha, inaweza kukuharibia tumbo na figo. Goti likivimba na kuwa la moto, au kama una kisukari na mguu unakufa ganzi, nenda hospitali ya General leo leo.