static na final katika Java: maneno mawili, maswali mawili

Anayeanza Java, lugha ya kuandikia programu, huyakuta static na final yameandikwa bega kwa bega, akadhani ni kitu kimoja. Kumbe static hujibu swali la umiliki: hiki ni cha klasi nzima (kiolezo) au cha kila obijekti (kitu kinachoundwa kwa kiolezo hicho)? Nalo final huuliza: kikishapewa thamani, kinaweza kupewa nyingine?

Tuseme una klasi Akaunti. Ukiandika `int salio;` kila akaunti inayoundwa kwa new hupata salio lake. Ukiandika `static int salio;` salio ni moja kwa akaunti zote: weka 500 kwenye ya kwanza, soma ya pili, utakuta 500 ileile. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wako, haitasema lolote. Hesabu ndizo zitakazoharibika, kimyakimya.

Mara nyingi balaa hili huanzia kwenye main, methodi (kipande cha msimbo chenye jina) ambayo programu huanzia. Kwa kawaida main ni static, yaani huendeshwa kabla hujaunda obijekti yoyote. Ukiita humo methodi isiyo static kwa jina lake tu, kompaila hukataa. Hapo wengi hubandika static kwenye methodi, kisha kwenye kila kibadilika inachokigusa, mpaka klasi yote imejaa static. Usifanye hivyo. Unda obijekti kwanza: `Akaunti a = new Akaunti();` halafu `a.weka(500);`. (Tangu Java 25, iliyotoka 2025, main inaruhusiwa kukosa static, ila misimbo mingi utakayoisoma bado inalo.)

Mtego wa final uko kwenye orodha. Ukiwa na `final List<String> majina = new ArrayList<>();` bado `majina.add("Asha")` inapita bila shida. Kinachokataliwa ni `majina = new ArrayList<>()`. final imefunga jina lisielekezwe kwenye orodha nyingine, yaliyomo hayajaguswa. Ukitaka yaliyomo yasibadilike, tumia `List.of`, iliyokuja na Java 9. Lakini kaa macho: hapo kompaila itaikubali add, kisha programu ianguke ikiwa inaendeshwa, kwa kosa liitwalo UnsupportedOperationException.

Kwenye methodi, final huzuia klasi inayorithi isiiandike upya. Kwenye klasi huzuia kurithiwa kabisa, kama ilivyo String. Ndiyo maana klasi haiwezi kuwa abstract (isiyoundiwa obijekti moja kwa moja, hadi irithiwe) na final kwa pamoja: neno moja linadai mrithi, jingine linamfungia mlango.

Yakiungana, `static final int KIWANGO = 100;` ni thamani moja ya klasi nzima, isiyopewa nyingine. Herufi kubwa ni desturi ya waandishi tu, kompaila haizijali.