Ndege ya injini kushoto na rubani kulia: usiifute, ipigie hesabu

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege yako, yenye injini kushoto na kibanda cha rubani kulia, inavuta kushoto ikiwa inakimbia kupaa, halafu ikishashika mwendo angani inavuta kulia. Wengi wamekushauri uifute ujenge ya kawaida. Mimi nakuomba usiifute. Zaidi ya mwaka sasa najenga ndege za namna hii kwenye X-Plane, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, na kuzirusha kutoka uwanja wetu wa Kigoma, na tatizo hilo lako lilinitesa wiki nzima.

Ndege ya propela moja haiko sawa pande zote hata ukiichora sawa. Propela ikizunguka kisaa, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, torki yake, yaani nguvu ya mzunguko inayorudi kwenye mwili wa ndege, inataka kuilaza ndege kushoto. Upepo wake unazunguka kiwiliwili na kuupiga mkia wima, pua inakwenda kushoto. Pua ikiwa juu, panga linaloshuka upande wa kulia linavuta zaidi ya lile linalopanda, pua inazidi kwenda kushoto. Ndiyo maana Waitaliano walipotengeneza ndege ya kivita Macchi C.202 walilifanya bawa la kushoto kuwa refu kuliko la kulia kwa kama sentimita 20, ili linyanyue zaidi upande unaotaka kulala. Na Richard Vogt, Mjerumani aliyebuni ndege ya upelelezi BV 141 ya Blohm & Voss iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1938, aliweka injini na mkia kushoto, watu akawaweka kulia kwenye kibanda cha vioo ili waone vizuri pande zote. Ule ubunifu ulikuwa na hesabu ndani yake.

Sasa yako. Msukumo wa injini iliyo kushoto mwa kitovu cha uzito unaisukuma pua kulia. Kibanda nacho kinakamata hewa upande wa kulia, pua inazidi kwenda huko. Wakati wa kupaa, mwendo mdogo na injini imefunguliwa yote, propela inashinda: kushoto. Mwendo ukikolea, nguvu ya propela kugeuza pua inapungua, ule umbali wa injini na kibanda vinabaki: kulia. Ndege yako haijaharibika, ni kwamba umeisawazisha kwa mwendo mmoja tu.

Uzito usiupime kwa macho. Anayefunga dumu la mawese kwenye baiskeli kutoka vijijini hadi mjini anajua kwamba dumu lilelile linabebeka likiwa karibu na fremu na linakuangusha likining'inia mbali. Zidisha kilo kwa umbali. Yangu ina kilo 900 za kiwiliwili cha injini, sentimita 60 kushoto. Kibanda ni kilo 300, mita 1.8 kulia. 540 kila upande. Kibanda chepesi ndicho kinachokaa mbali, injini inabaki karibu na kitovu, na huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Ukiipeleka injini mita moja na nusu nje, hakuna usukani wa mkia utakaokuokoa.

Kisha niliigeuza injini nyuzi 3 kuelekea nje, kushoto. Watu hudhani inageuzwa kuelekea katikati. Hapana: propela ikiwa mbele ya kitovu, ukiigeuza nje, mstari wa msukumo ukiurudisha nyuma unapita karibu zaidi na kitovu. Kwangu propela iko mita 2 mbele, kwa hiyo sentimita 60 zilishuka hadi kama 50. Kilichobaki nilikimaliza kwa kuupinda kidogo mkia wima, nikiupima kwa mwendo wa safari, siyo wa kupaa. Kupaa ni sekunde chache, kukanyaga pedali ya usukani wa mkia kwa mguu kunatosha.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa mafuta. Niliyaweka yote kwenye kiwiliwili cha injini. Siku moja nikafuata reli kwenda Tabora, kama kilomita 400. Uvinza ndege imetulia kabisa. Kufika karibu na Kaliua bawa la kulia linazama, nashikilia ailoni, vile vibao vya ukingo wa bawa vinavyoilaza ndege, mpaka mkono unachoka, na sikuelewa mpaka nilipoangalia geji: upande wa kushoto ulikuwa umepungua uzito wote ule niliouchoma. Nikahamishia tangi kwenye mstari wa kitovu. Bawa halijazama tena.

Kama unataka mfano wa leo wa kusoma, tazama Boomerang, ndege ya mbunifu Mmarekani Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1996. Ina injini mbili, moja kwenye pua ya kiwiliwili na nyingine kwenye kiwiliwili cha pembeni, zikikaribiana kuliko ndege za kawaida za injini mbili, ili moja ikizima ndege isigeuke kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoanza kuzipenda hizi ndege kwa dhati, maana umbo lile linajibu hatari ya kweli inayoua watu.

Kwenye kutua, punguza injini kidogo kidogo. Mkia ukiwa umepindwa kwa mwendo wa safari, ukikata injini ghafla pua inaruka kushoto. Mimi huanza kupunguza nikiwa bado juu ya ziwa, na mguu wa kulia uko tayari.

Tuandikie uzito wa kila kipande na umbali wake kutoka mstari wa kati, pamoja na mahali ulipoweka tangi. Nitakupigia hesabu.