Torino: tutakula wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kwaya yetu inakwenda Torino, Italia, kwenye kanisa la Consolata. Tutakula wapi bila kumaliza pesa?
Mwanakwaya, Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkitoka kanisani, tembeeni hadi soko la Porta Palazzo, asubuhi. Nilinunua pale mkate na kipande cha jibini, nikala nimesimama, vidole vyote mafuta. Kahawa inyweni kaunta; mkikaa mezani bei mara nyingi hupanda. Mgahawani someni menyu kwanza: “coperto” ni malipo ya meza, kwa kila kichwa.

Na ulizieni polenta! Ni ugali wa mahindi ya njano, laini, unaliwa kwa uma pamoja na mchuzi wa nyama. Harufu yake ilinirudisha jikoni kwa mama, Njombe.