Kwa nini volkano nyingi ziko kwenye mipaka ya mabamba

Umeuliza kama volkano zinatokea kwa sababu mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya tabaka la nje la dunia, yanasuguana mpaka miamba inayeyuka. Hapana ndugu, kusuguana kunaleta zaidi matetemeko. Angalia ufa wa San Andreas kule California, mabamba yanapitana ubavu kwa ubavu, ardhi inatikisika sana lakini mpaka huo hauna mstari wa volkano.

Kinachoyeyusha kwenye mipaka ya kugongana ni maji, na hapa ndo patamu. Bamba la bahari likizama chini ya jenzake linashuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, likifika kama kilomita 100 hivi joto na mgandamizo vinayakamua hayo maji yanapanda kwenye mwamba moto ulio juu yake, na mwamba ukipata maji unayeyuka kwa joto dogo kuliko ukiwa mkavu. Magma, yaani huo mwamba ulioyeyuka, inapanda, ndo unapata volkano za Japani, milima ya Andes kule Amerika Kusini, Indonesia, yaani karibu duara zima la Pasifiki. Na magma hiyo mara nyingi ni nzito kama uji mzito, haitiririki kirahisi, na imejaa gesi, ndo maana inalipuka vibaya.

Mabamba yakiachana ni tofauti, mwamba wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, unayeyuka bila hata kuongezewa joto. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki liko hivyo, na Iceland pia, ambayo inatanuka kama sentimita 2 kwa mwaka.

Ila Hawaii iko katikati kabisa ya bamba, ile inalishwa na joto linalopanda kutoka chini sana.